Mume Wangu, Mpima Mipaka

9 Februari

Kwa mke wangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Najua mume hamwamkii mkewe shikamoo, lakini nikiiacha utasema nimesoma mpaka adabu imeniishia.

Huku chuoni tuko salama. Mwenzangu wa chumbani, yule tunayemwita Kamusi kwa sababu hajawahi kutoa jibu fupi, anakusalimu sana. Mwambie Shangazi soksi zimenitosha, na moja nimeshaipoteza. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu imeniponyoka ikatumbukia chooni. Ndiyo, ya tatu. Usinihesabie, mke wangu, ndoa si hesabu.

Sasa kuna kisa, na umsomee kila mtu hapo nyumbani. Jumatatu asubuhi tulikuwa na zoezi la kupima mpaka kati ya chuo na shamba la kuku la jirani. Siku hiyo nilikuwa nimechangamka vizuri. Nikakabidhiwa darubini ya kupimia, nikapiga mstari, wenzangu wakachomeka vigingi nyuma yangu. Mwalimu alitia sahihi akiwa ndani ya gari, maana jua lilikuwa kali. Kumbe darubini niliielekeza kwenye nguzo ya umeme isiyohusika kabisa! Mstari ukakata maktaba, ukapita bwaloni, ukaingia ofisini kwa mkuu wa chuo na kupenya kati ya meza yake na kiti chake. Meza ni mali ya chuo. Kiti kiko kwenye shamba la kuku.

Jirani mfuga kuku ni mtu anayeheshimu sheria. Alipoviona vigingi, kesho yake akahamisha uzio. Mkuu wa chuo naye hawezi kulalamika, kwa sababu akisema vigingi vimekosewa atakuwa amesema chuo cha upimaji hakijui kupima. Kwa hiyo ametangaza kwamba mpaka uko sahihi, na ni majengo ndiyo yaliyojengwa vibaya. Leo asubuhi nimemwona akibisha hodi ofisini kwake mwenyewe, na mfuga kuku akimkaribisha.

Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma. Si unakumbuka Babu alivyoipaka rangi nyumba ya watu wengine akidhani ndiyo aliyopewa kuipaka? Damu haipotei.

Mumeo.


2 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Hapa nyumbani wote wazima isipokuwa cherehani, inakohoa. Nimepata kazi ya kushona mapazia ya ukumbi wa mikutano. Madirisha yake hakuna mawili yanayolingana, nadhani nayo yalipimwa na mtu wa chuo chenu.

Barua yako niliwasomea wote baada ya chakula. Baba yako mkubwa alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kitambaa cha mteja. Shangazi yako akaomba irudiwe tangu mwanzo. Jirani akaja kuuliza tumepata nini, nikamwambia nimepata mume msomi.

Jambo moja tu sikulielewa. Ulichangamshwa na nini asubuhi ile? Mimi hunichangamsha chai ya rangi, na sijawahi kuinywa nikachanganya mpaka na nguzo ya umeme. Mke ana haki ya kuuliza.

Habari ya Babu na ile nyumba, hadithi unaijua. Naishia hapa, mapazia yananingoja.

Mkeo.


20 Machi

Mke wangu,

Shikamoo tena, na pole kwa kikohozi cha cherehani. Kilichonichangamsha ni ujana tu, Bibi. Umesahau ujana ulivyo? Usijibu, utamtia wivu Babu huko aliko.

Mambo yanazidi kunoga. Mfuga kuku ameandika masharti ya kutumia maktaba: kila mwanafunzi akanyage dawa kwanza asiwaletee kuku maradhi, na hakuna kusoma kwa sauti majogoo wakiwa wamelala. Mkuu wa chuo ameruhusiwa kukaa kwenye kiti chake mpaka mchana, kisha kuku mmoja mwekundu huja kutagia. Wageni wakija baada ya hapo anawapokea akiwa amesimama, na anawaambia kwamba kusimama ni afya.

Mimi nimepewa cheti! Wageni wa wizara walikuja kukagua, wakasema hawajawahi kuona mstari mnyoofu kama ule. Mnyoofu ni kweli, haukupinda hata kidogo, ila ulikuwa unakwenda kwingine. Sasa nimeteuliwa kwenye kamati ya kuthibitisha mpaka.

Nilikosa jaribio la hesabu, lakini kwa sababu ya kuchekesha. Niliamka nikajikuta ndani ya banda la kuku, nimefunikwa gunia. Mfuga kuku alinifunika mwenyewe, mtu mwema sana. Alisema kwa kuwa nililala upande wake, ilibidi anihesabu pamoja na wengine.

Kamusi amehama chumba. Anasema kina unyevu.

Halafu, Bibi, nimewasimulia watu hapa kisa cha Babu, wakaniuliza kiliishaje. Kila mtu kwetu huishia pale mwenye nyumba anaporudi na kukuta nyumba yake imekuwa ya kijani. Baada ya hapo ilikuwaje?

Mumeo, mwanakamati.


11 Aprili

Mwanakamati,

Marahaba. Shangazi yako ameng'olewa jino na anaongea kwa ishara, kwa hiyo nyumba imetulia. Mapazia ya ukumbi nimefika dirisha la saba. Wametaka rangi ya zambarau ambayo ukiitazama muda mrefu unasikia njaa.

Barua yako niliwasomea, ila pale kwenye gunia nilipapita. Sikupenda mume wangu asikike amehesabiwa na kuku. Yaliyobaki waliyacheka vizuri, na baba yako mkubwa sasa anamwambia kila mtu mtaani kwamba una cheti.

Lakini mimi na wewe tuna kesi. Mwandiko wako umeanza kutambaa. Mistari ya barua ya kwanza ilikaa sawa, hii ya pili inateremka kwenye kona kama mbuzi wanaokwenda mtoni. Usiniambie ni meza. Na chumba kilikuwaje kikapata unyevu baada ya miaka miwili, tena upande wa Kamusi peke yake? Bwana wee, njia ya mwongo ni fupi. Ukiendelea hivi nitadai talaka. Nina mchumba mwingine, binamu yako wa miaka sita, ambaye ameniletea biskuti nusu, na nusu nyingine amesema ataniletea tukishaoana.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii sicheki sana: asubuhi unachangamshwa na nini?

La Babu tutalizungumza siku nyingine. Kuna mteja mlangoni.

Mkeo, kwa sasa.


30 Aprili

Mke wangu usiyeachika,

Shikamoo. Mpe Shangazi pole ya jino. Mwandiko ni meza, Bibi, kweli tena. Mguu mmoja ni mfupi.

Nakuletea habari kubwa: nimekuwa mwenyekiti wa kamati! Kikao cha kwanza kilitaka kujua kama siku ile mpimaji alikuwa na akili timamu. Wakamwita mpimaji. Nikatoka nje, nikaingia tena, nikakaa kwenye kiti cha shahidi, nikajiuliza maswali matatu na kujijibu yote vizuri. Tukathibitisha kwamba mpimaji alikuwa mzima wa afya. Sahihi nimeweka mimi. Wajumbe walicheka mpaka mmoja akatolewa nje.

Na kwa kuwa mstari wangu ndio mnyoofu kuliko yote, mkuu wa chuo ameamua mimi ndiye nitakayepanda mnara wa tangi la maji kuweka alama kuu ya upimaji juu kabisa. Ni Juni kumi. Ngazi ni ya chuma, imesimama wima, na haina kizuizi pembeni. Wengine wanaogopa. Mimi siogopi, mkono wangu hutulia kabisa nikishapata yangu ya asubuhi.

Simu mpya nayo imeniponyoka. Hata sijui ilikoponyokea.

Wasomee wote. Mwambie Baba Mkubwa asishike chai.

Mumeo, mwenyekiti.


16 Mei

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Barua ya mwenyekiti ilifika? Au umeolewa na yule wa biskuti?

Kuku wameingia bwaloni sasa, na mpishi amegoma kupika mayai mbele yao, anasema ni ukatili. Nilipoliona hilo nikasema hili litamvunja Bibi mbavu. Nimelisimulia hapa, hawacheki kama zamani. Wananitazama tu. Kamusi akinikuta njiani anageukia maktaba, na visa vya kuku hataki hata kuvisikia.

Niandikie hata mistari miwili. Ukikaa kimya siku hazina mwisho.

Mumeo.


29 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume. Utani nimeufungia kabatini pamoja na vitambaa.

Hatujambo sote. Barua zako mbili zimefika. Ile ya ngazi nilianza kuwasomea, na baba yako mkubwa akaanza kucheka kabla sijafika kwenye kisa, kwa mazoea tu. Nikaikunja nikaenda kulala. Tangu siku hiyo sijashona dirisha hata moja.

Nimezipanga barua zako zote juu ya meza ya kukatia, nikazisoma upya. Hakuna hata moja ambamo umetaja pombe. Mtu asiyekunywa angeitaja, hata kwa kumsengenya jirani yake. Wewe umeiruka kila mara. Lakini simu zinaponyoka, na sasa hujui zinakoponyokea. Jaribio umelikosa. Umelala bandani. Rafiki yako kahama. Na mkono hautulii mpaka upate yako ya asubuhi. Ya asubuhi, mwanangu! Mlevi wa mtaa huu, ambaye hata mbwa wanampisha, husubiri jua lipinduke.

Umeniuliza kisa cha Babu kiliishaje. Tunakikatia pale kwenye nyumba ya kijani kwa sababu baada ya pale hakichekeshi. Mwenye nyumba alirudi, akaduwaa, kisha akacheka. Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilikuwepo, nilimpelekea chakula, na nilicheka kuliko wote. Alikuwa amelewa tangu alfajiri. Kila mtu pale alijua, na ndicho kilichokuwa kinachekesha. Wakamwambia apande tena amalizie pale juu. Akapanda ngazi akiimba na brashi mdomoni. Alipoanguka, wapo waliopiga makofi, walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mlikuzwa mkiambiwa alikufa kwa ajali ya kazi. Na kila tulipokutana tuliwapa kicheko, tukawanyima kilichobaki. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Babu yako alikuwa mtu wa kuchekesha kweli. Hakuna aliyemwambia aache, kwa sababu hakuna aliyetaka kicheko kiishe.

Nakuomba usipande ngazi hiyo. Kama una kiburi cha kumkatalia mkuu wako, kitumie. Kama huna, jifanye mgonjwa, maana si uongo. Na mtafute mtu mmoja hapo chuoni, daktari, muuguzi, yeyote mwenye kazi hiyo, umwambie maneno mawili: nakunywa, nashindwa. Usimsimulie kisa. Ukimpa kisa atacheka, na akicheka umekwisha.

Bibi yako, ambaye anaogopa.


14 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Sikukujibu upesi kwa sababu kila nikishika kalamu inataka kuanza na kuku.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya ngazi. Niliisoma nikiwa nimeshakunywa. Pale Babu alipokuwa anapanda na brashi mdomoni, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu chumbani. Kisha nikasoma mstari unaofuata, na nikajiogopa mimi mwenyewe.

Asubuhi yake nilikunywa tena. Nakwambia kama ilivyokuwa. Nilikwenda mnarani nikawakuta wote wamekusanyika: mkuu wa chuo, mwalimu, kamati, mfuga kuku, na kuku kadhaa kwa niaba yao wenyewe. Nikasema, nimelewa. Nikasema nilikuwa nimelewa siku ya vigingi na nimelewa sasa hivi. Wakapiga makofi. Mkuu wa chuo akasema, "Mnaona unyenyekevu wa mwenyekiti wetu?" Nikarudia. Mwalimu akasema haiwezekani, kwa kuwa kamati ilishathibitisha kwamba mpimaji alikuwa mzima. Nikamwambia mwenyekiti wa kamati ni mimi, na nautengua uthibitisho huo. Wakanong'onezana. Mkuu akasema, "Utaratibu hauruhusu. Mwenyekiti hawezi kutengua jambo akiwa amelewa."

Wakanikabidhi kofia ngumu na kunisogeza kwenye ngazi. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, Bibi. Nilijua ningeweza kupanda. Niliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, watu wakaanza kushangilia, na nikataka sana kuwachekesha. Sijawahi kutaka kitu vile.

Nikakaa chini. Palepale kwenye vumbi. Wakadhani ni kituko kipya, wakacheka, wakasubiri. Sikusimama. Walipochoka kucheka wakakasirika, walipochoka kukasirika wakaenda kula. Mfuga kuku akawaita kuku wake, nao wakaenda.

Akabaki Kamusi. Akaja akakaa karibu yangu kwenye vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa ufupi, "Chumba hakikuwa na unyevu." Nikamwambia najua.

Alinipeleka kwa muuguzi wa chuo. Muuguzi hakucheka. Aliniuliza nakunywa kiasi gani, nikataja nusu. Akanitazama. Nikataja chote. Akasema nisijaribu kuacha ghafla nikiwa peke yangu, maana mwili uliozoea unaweza kukuangusha vibaya. Amenipangia kumwona daktari, na mpaka siku hiyo niwe naripoti kwake kila asubuhi. Nilikwenda ya kwanza na ya pili. Ya tatu sikwenda. Leo nimekwenda.

Mkono unatetemeka, utaona kwenye mwandiko. Meza haina tatizo lolote.

Sina kisa cha kumalizia. Nakunywa, Bibi, na nashindwa.

Mjukuu wako.


22 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako niliwasomea wote mpaka mwisho, bila kuruka neno. Baba yako mkubwa aliweka kikombe chini. Kisha akatoka nje akaenda kuosha gari la mtu asiyemjua. Shangazi yako amekushonea soksi nyingine, ana imani kwamba soksi zinatibu kila kitu, na mimi sikubishana naye. Mapazia ya ukumbi nimeyaacha yalipofikia. Watu wa mikutano watakaa na jua usoni, hawatakufa.

Nilianza kuiandika hii niiposti, kisha nikaona barua zinachelewa na mimi sina muda wa kuchelewa. Kwa hiyo naileta mwenyewe. Naiandika ndani ya basi, na dada aliyekaa pembeni yangu anaisoma kwa jicho moja akidhani simwoni. Nimemwachia aisome. Tumeficha vya kutosha katika ukoo huu.

Nikifika nitakukabidhi uisome palepale mbele yangu. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu naujua. Nikikuona umekonda nitatania, wewe utajibu, tutacheka, na jioni itakuwa imepita bila mtu kusema kitu.

Hiyo siku ya tatu ambayo hukwenda, sitaiuliza. Kesho asubuhi tutakwenda wote kwa huyo muuguzi, na keshokutwa, na kwa daktari siku ikifika. Ukishindwa kwenda kwa miguu yako nitakuvuta, ukinitukana nitakusikia, na bado tutakwenda. Nimebeba shuka zangu. Mfuga kuku akitaka, anihesabu.

Niliyekuwa naye kabla yako nilimpelekea chakula, nikasimama chini nikacheka. Wewe sitaki kukuchekea. Nataka uzeeke unichoshe.

Haya, barua imeisha. Inua uso.